Wasifu wa Mawakili Wawili

Mzee Jairus alikuwa wakili kabla ya kuwa mbunge, na mbunge kabla ya kuwa mgonjwa, na katika hali zote hizo hakuwahi kutia sahihi karatasi ambayo hajaisoma. Kwa hiyo madaktari walipomwambia kwamba saratani imeshika ini na kilichobaki ni kumpunguzia maumivu tu, alimwita bintiye Jeptoo akamwambia amwandikie wasifu wa kusomwa kwenye mazishi yake. Tena auandike upesi, maana alitaka kuusikia akiwa hai.

"Wengine wanasomewa wakiwa ndani ya sanduku, hawawezi hata kupinga," alisema. "Mimi nitapinga mapema."

Jeptoo alicheka, kisha akajifungia bafuni akalia. Yeye ndiye kifungua mimba, na kila mtu alijua ndiye atakayesimama kanisani na karatasi mkononi. Isitoshe, kuandika maisha ya wafu ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alikuwa anamalizia masomo ya historia chuo kikuu pale Minneapolis, na kwa muda mrefu alikuwa amezama katika maisha ya mtu mmoja aliyeitwa Amos Thurlow, wakili na mbunge wa jimbo la Minnesota wa karne ya kumi na tisa. Mtu huyo alikuwa amesahaulika hata na wajukuu zake, ila Jeptoo alimjua kuliko alivyomjua baba yake mzazi. Hilo halikuwa jambo la kujivunia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Aliyemleta mzee Amerika kutibiwa ni mwanawe Eric, aliyekuwa na kazi nzuri kwenye kampuni moja Golden Valley na nyumba yenye vyumba vya kupotea. Nyumba hiyo, kwa bahati mbaya, ilikuwa na ngazi, na mzee hakuweza ngazi. Hicho ndicho kilichokuwa kisingizio. Mzee akapelekwa kwa dada mtu, kwenye fleti ndogo ya Roseville ambayo Jeptoo alipanga pamoja na rafiki yake Kemunto, na Eric akawa anakuja Jumapili na matunda.

Kemunto alifanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Alipotoka kazini kuwaogesha wazee wa Kizungu, alirudi nyumbani kumwogesha mzee wa mwenzake, na hakuna aliyemwomba. Siku mzee alipofika alimsalimu kwa mikono miwili, na mzee akamuuliza swali ambalo Wakenya wakikutana ugenini huulizana hata kabla kiti hakijapata joto.

"Na wewe, msichana, kwenu ni wapi?"

"Kisii, Mzee."

"Watu wa ndizi," mzee akasema, akaridhika.

Jeptoo naye alikuwa amemuuliza Kemunto swali hilohilo walipokutana mara ya kwanza, akapewa jibu hilohilo, akaridhika vilevile. Kwetu jibu la swali hilo halihusu mahali ulipozaliwa, wala mahali ulipokula ukakua. Linahusu mahali alipozikwa babu yako. Mtu akishakujibu, unajua lugha yake, unajua chakula chake, unadhani umemjua, na humuulizi lingine.

Baridi ya mwaka ule ilikuwa ya kuua. Magari yalikataa kuwaka, na mzee, aliyezoea jua la kwao, alikaa dirishani akiitazama theluji kama mtu anayetazama shahidi mwongo. Hata hivyo kila asubuhi alivaa tai. Tumbo lilikuwa limevimba na miguu imejaa maji, macho hayakuona tena herufi, lakini tai ilikuwepo. Alitaka asomewe, na kwa kuwa wasifu wake ulikuwa haujaiva, Jeptoo alimsomea wa Thurlow. Hapo ndipo wakili wa Kaptarit, nyumbani kwao mzee, alipokutana na wakili wa Saint Paul.

Akampenda papo hapo. Thurlow alikuwa ametoka Maine akiwa kijana hana mbele wala nyuma, na sanduku moja la vitabu vya sheria, akakodi chumba juu ya karakana ya mtengeneza matandiko ya farasi. Kesi yake ya kwanza ilikuwa ya dobi mwanamke ambaye mumewe alikunywa mshahara wake wote. Akashinda. Akawatetea wakulima wa Kijerumani wasiojua Kiingereza, akachaguliwa bungeni, na bungeni akasimamia sheria kwamba mtu akidaiwa asinyang'anywe jiko, kitanda, wala ng'ombe wake wa mwisho.

"Ng'ombe wa mwisho," mzee alirudia, akimgeukia Kemunto aliyekuwa akimpaka mafuta miguuni. "Umesikia hiyo? Huyo ndiye wakili sasa."

"Nimesikia, Mzee."

"Mimi pia nilifanya hivyo. Kuna mjane mmoja walitaka kuuza shamba lake. Nilimtetea bila hata shilingi. Jeptoo, andika hiyo."

Jeptoo aliandika, maana ilikuwa kweli. Alimkumbuka yule mjane akija nyumbani na kuku kwenye kikapu. Ilimuuma kwamba ilikuwa kweli. Angependa baba yake awe mbaya tu, ili kazi iwe rahisi, kwa sababu kulikuwa na jambo jingine ambalo familia yao haikulitaja kamwe. Jambo hilo lilikaa nyumbani kwao kama kiti kilichovunjika mguu: kila mtu alilizunguka, hakuna aliyelikalia. Lilikuwa la mwaka wa tisini na mbili, wakati wa mapigano ya ardhi. Jeptoo alikuwa shuleni Nairobi, akasoma jina la soko la kwao gazetini, na likizo ilipofika akakuta upande wa chini wa tangi la maji hakuna paa hata moja. Hakuuliza. Mzee naye hakueleza.

Na Thurlow naye alikuwa na la kwake. Jeptoo alijua sura hiyo inakuja, akaichelewesha alivyoweza, akasoma hata tanbihi, lakini mzee hakuwa mtu wa kurukishwa kurasa. Jumamosi moja mchana, Kemunto akiwa amekaa sakafuni na taulo mapajani akimkata mzee kucha za miguu, Jeptoo akakohoa kidogo akaanza.

Akasoma jinsi vita kati ya walowezi na Wadakota vilivyokwisha, na wenye nchi wakageuzwa kuwa wageni. Thurlow alisimama bungeni, kwa sauti yake ileile ya kumtetea dobi, akasema kila jamii ina mahali pake na wale warudishwe kwao. Kwao kulikuwa wapi? Kulikuwa palepale, kwenye bonde la mto, kwenye makaburi ya babu zao. Wakapakiwa kwenye meli, wanawake na watoto na wazee, na wengi wakafa safarini na kambini. Siku meli zilipoondoka Thurlow alikuwa mahakamani akishinda kesi ya ua wa kanisa. Baadaye akanunua shamba kwenye kona ya mto, kwa bei ya kutupa.

"Ushahidi?" mzee akauliza.

"Hotuba ilichapishwa gazetini, Baba."

"Gazeti si hukumu. Alimpiga mtu?"

"Hapana. Alisema tu."

"Basi umemwonea." Mzee alijiweka sawa kitini, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi sauti yake ikawa na nguvu ya kortini. "Mwanasiasa husema yale watu wanataka kusikia. Mimi mwenyewe nilisimama pale soko la Kaptarit nikasema kila mtu arudi kwao. Nilishika kiberiti mimi? Siku nyumba zilipoungua nilikuwa Nakuru, kortini. Nina mashahidi."

Kemunto alikuwa ameshika dole gumba la mguu wake wa kushoto. Hakuinua kichwa.

"Ilikuwa siku ya soko," alisema. "Ulivaa suti ya kijivu, Mzee. Ulipanda juu ya pickup."

"Wewe ulijuaje?"

"Nilikuwa pale. Nilikuwa nimetumwa sukari."

"Si ulisema nyinyi ni wa Kisii?"

"Uliniuliza kwetu ni wapi, nikakuambia. Hukuuliza nilizaliwa wapi. Shamba letu lilikuwa hapo chini ya tangi la maji. Baba alilinunua kabla sijazaliwa."

Jeptoo aliziweka chini karatasi za Thurlow.

"Baba yako ni nani?" mzee akauliza.

"Naftali. Fundi wa nguo."

"Naftali." Mzee alifumba macho yake yaliyofifia. "Naftali ndiye alinishonea ile suti."

"Najua, Mzee. Vifungo nilishona mimi."

Mashine ya joto ililia ukutani, ikazima. Kemunto akahamia kwenye kidole kinachofuata, akakata ukucha taratibu ili asimguse nyama, maana mgonjwa wa namna ile akichubuka haponi.

"Yuko wapi siku hizi?"

"Alikufa. Jirani yetu, mama Chepkemoi, alituficha kwa ghala yake chini ya magunia ya mahindi mpaka lori ikakuja. Mvua ilitunyeshea njia yote. Baba akashikwa na kifua. Tulimzika Kisii kwa shamba ya ndugu yake. Alikuwa anasema hajui mtu huko."

Mzee akamgeukia bintiye, akamwambia kwa Kikalenjin, kwa sauti ya chini, amtoe msichana huyu chumbani kwanza.

"Natoka, Mzee, nimemaliza," Kemunto akajibu. Alijibu kwa Kikalenjin hichohicho, bila kukwama, kwa lafudhi ya Kaptarit. Akakunja taulo pamoja na kucha zilizomo, akaenda jikoni.

Jeptoo akakumbuka yote ambayo yeye, baba yake na Eric walikuwa wamesema mbele ya Kemunto kwa lugha ile wakidhani wamejificha. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Endelea," mzee akasema.

Ulikuwa umebaki ukurasa mmoja, wa mazishi ya Thurlow. Alikufa kitandani, mzee wa kuheshimiwa. Binti yake Lucinda alisimama kanisani akasoma maisha ya baba yake: dobi, Wajerumani, ng'ombe wa mwisho. Kuhusu shamba alisema tu kwamba baba yake alilikuta bonde tupu. Na hapo Jeptoo alikuwa ameandika maneno ambayo profesa wake aliyapigia mstari kwa kuyapenda: *Lucinda alikuwa mtu mzima mwenye macho. Alijua, na akachagua. Huo ni woga, na woga wa watoto ndio humalizia kazi ya baba zao.*

Alisoma kwa sauti inayotetemeka. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Hapo kwa woga futa," alisema. "Huyo alikuwa binti mzuri."

Kisha akamwagiza kuhusu wa kwake. Jambo la sokoni lisiingie. "Si uongo," alisema. "Ni kunyamaza. Sheria haimlazimishi mtu kujishtaki." Akaomba maji, na hakumtaja Naftali tena, si siku ile wala siku nyingine.

Jeptoo alimkuta Kemunto akikatakata sukuma kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Wewe ndiye ulikuja kunichukua airport. Nikajua baba yako ni nani tukiwa tayari tumekula sufuria moja. Ningemwaga hiyo chakula?"

"Na unamwogesha. Kila siku unamwogesha."

"Hiyo ni kazi yangu, mimi sichagui wagonjwa." Kisu kikasimama. "Na pia nilikuwa nangoja aniulize. Nilisema siku moja ataniuliza tu, kwenu mliishi wapi, mlitoka vipi. Leo ameuliza. Ndio hivyo."

Jeptoo alimshika mkono. Kemunto akamwacha amshike, kisha akaendelea kukata.

"Kwa wasifu huwa mnashukuru watu waliomwangalia mgonjwa, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Ukinitaja usiseme Kemunto kutoka Kisii. Sema Kemunto wa Kaptarit. Hiyo tu. Mambo ya moto sitaki useme, sitaki uaibishe baba yako. Sema tu nilizaliwa pale. Tape ya video ya ibada ikienda nyumbani, mama atatafuta mahali aiangalie. Nataka asikie hiyo kutoka kwa mdomo wa mtoto wa Mzee."

"Nakuahidi," Jeptoo alisema, na alimaanisha. Kati ya yote aliyokuwa ameombwa mwaka ule, hili lilionekana dogo kuliko yote.

Mzee alikufa theluji ikiwa bado haijayeyuka. Siku za mwisho hakusema na Kemunto, ila alimwachia mwili wake, na alipogeuzwa na mikono ya mwingine alilalamika. Kemunto ndiye aliyemfumba macho. Ndiye pia aliyemfunga tai, kabla watu wa chumba cha maiti hawajaja kumchukua.

Kamati ikaundwa, kama kawaida. Wakenya wa miji yote miwili, Minneapolis na Saint Paul, walijaa kwenye fleti, wakaomba, wakachanga tiketi ya mwili, wakapika. Kabla mzee hajasafirishwa kungekuwa na ibada kanisani, na ibada ingerekodiwa kwenye kanda ya video ya kupelekwa nyumbani, ikaonyeshwe siku ya mazishi kwa wale ambao hawakuweza kuja. Eric ndiye aliyesimamia mambo yote. Aliusoma wasifu akiwa amesimama, kalamu mkononi kama baba yake, na alipofika kwenye shukrani akasita.

"'Kemunto wa Kaptarit.' Hii ni nini?"

"Alizaliwa pale. Ni binti ya Naftali fundi."

Eric akaketi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa analia usiku, mkewe alisema. Lakini alikuwa tayari ameshawaambia wazee wa nyumbani kwamba anarudi, na mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi.

"Jeptoo, sikiliza. Hiyo tape itaonyeshwa mbele ya wazee wote. Ukisema huyu ni wa Kaptarit, na wewe ni mtoto wa marehemu, umesema ako na haki pale. Ukimpa yeye umepa wote waliokuwa chini ya tangi. Kuna watu wanalima hayo mashamba sasa hivi. Unataka kunimaliza kabla sijaanza?"

"Ni neno moja, Eric."

"Ndiyo maana sielewi kwa nini unaling'ang'ania." Akalikata, akaandika juu yake *kutoka Kisii*, na hivyo ndivyo lilivyochapishwa kwenye programu.

Jeptoo hakubishana. Alikata kauli kwamba karatasi iseme inavyotaka, yeye atasema lake. Usiku kucha alilifanyia mazoezi: Kemunto wa Kaptarit. Halikuwa gumu kutamka.

Kanisa lilijaa. Watu walipangusa theluji viatuni, wakaketi na makoti yao. Eric alisimama karibu na kamera, na taa yake ndogo nyekundu ilikuwa inawaka. Kemunto alikaa katikati, amevaa suti nyeusi aliyoiazima, mikono juu ya mkoba.

Jeptoo alisoma. Baba yake alizaliwa, akachunga mbuzi, akatembea kwenda shule, akasomea sheria. Akamtetea mjane bila malipo, na watu wakaguna kwa sifa. Akachaguliwa na wananchi. "Akawatumikia watu wote wa eneo lake bila ubaguzi," Jeptoo alisoma, kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa, na ndivyo mzee mwenyewe alivyouidhinisha, na mtu fulani akasema amina. Sauti yake ilikuwa nzuri. Alikuwa msomaji mzuri tangu shule ya msingi, na ni mzee aliyemfundisha kusimama wima na kutazama watu wa nyuma.

Akafika kwenye shukrani. Madaktari. Wachungaji. Kamati.

"Na kwa namna ya pekee familia inamshukuru dada yetu Kemunto," alisema, akainua macho.

Kemunto alikuwa amejongea mbele kidogo kwenye kiti, kama mtu anayesikiliza jina lake likiitwa ofisini baada ya kungoja sana. Nyuma yake ilikuwepo taa nyekundu. Nyuma ya taa, Jeptoo aliwaona wazee wote wa nyumbani wamekaa kwenye viti vya kukodi, aliuona mlima wa watu na maswali yao, alimwona mama yake mzazi, aliyebaki nyumbani, akiinamisha kichwa kwa aibu mbele ya majirani. Ilikuwa pumzi moja tu.

"Kutoka Kisii," alisema.

Watu walipiga makofi. Kemunto aliinamisha kichwa kama inavyompasa anayeshukuriwa, na mama mmoja aliyeketi kando akampapasa bega. Kisha akarudi nyuma kwenye kiti chake, polepole, mpaka mgongo ukagusa.

Baada ya ibada kulikuwa na chai kwenye ukumbi wa chini ya kanisa. Kemunto alivua koti la suti akaingia jikoni kuwasaidia akina mama, na ndiye aliyemletea Jeptoo kikombe.

"Umesoma vizuri," alimwambia. Hakukuwa na kejeli ndani yake. Jeptoo alitafuta hata tone la kejeli, lingemsaidia, akalikosa.

Mwezi uliofuata Kemunto alipata kazi kwenye nyumba ya wazee nyingine, upande wa Savage, akasema ku-drive kutoka Roseville kila siku ni mbali. Jeptoo alimsaidia kubeba maboksi. Walipita kando ya mto, penye maghala marefu ya nafaka na matope ya barafu iliyoanza kuyeyuka. Kona ile ya mto Jeptoo aliijua kwa ramani. Ndipo lilipokuwa shamba la Thurlow. Kemunto hakuuliza kwa nini gari limepunguza mwendo.

Maboksi yalipokwisha kuingia ndani, Kemunto alisimama mlangoni.

"Ile tape usimtumie mama," alisema. "Hana video hata hivyo."

Hawakugombana. Walisalimiana kwa simu wakati wa Krismasi, kisha hata hiyo ikaisha. Eric alienda nyumbani akapiga kampeni, na watu wakamwambia jinsi dada yake alivyosoma vizuri kwenye ile kanda.

Jeptoo alirudi kwenye kazi yake, kwa kuwa ilikuwa lazima aikabidhi. Alifungua ukurasa wa mwisho, pale Lucinda anaposimama kanisani. Profesa alikuwa ameandika pembeni akiuliza kama kuna lolote la kuongeza kuhusu binti huyo, maana alipita kwenye kitabu haraka mno. Jeptoo aliweka kidole kwenye kitufe cha kufuta, juu ya neno *woga*, akakaa hivyo mpaka kahawa ikapoa. Kisha akakiondoa. Neno lilikuwa la kweli na hakuwa na haki ya kulifuta.

Aliongeza sentensi moja tu, ambayo haikuwa na ushahidi wowote gazetini, na ambayo profesa aliikata kwa sababu hiyo. Aliandika kwamba siku ile sauti ya Lucinda haikutetemeka.